Fundi na Kitasa Kisicho na Ufunguo

Saa tatu na dakika arobaini asubuhi, siku ya Jumamosi, nilitoboa tundu kwenye droo ya meza yangu ya mninga, nikalitoboa mahali pasipotakiwa. Muda ninaujua kwa sababu niliuandika kwenye daftari kabla ya kuwasha drili, chini ya maneno "Kazi inaanza". Nilikuwa nimepima mara tatu. Penseli nilikuwa nimeichonga mara mbili. Kosa lilikuwa moja tu: droo ilikuwa imelala kichwa chini juu ya kochi, na mimi nikapima kutoka juu.

Mke wangu alichungulia mlangoni, akalitazama tundu, kisha akanitazama mimi.

"Hilo ni la panya?"

"Ni la kitasa."

"Basi mwite Fundi kabla hujalifanya la paka."

Fundi ndiye aliyeitengeneza meza ile. Nilimfahamu kwa miaka kumi na tisa na sikuwahi kumwita kwa jina, wala sikusikia mtu mwingine akimwita. Alikuwa Fundi tu, kama vile mjini kulikuwa na mmoja. Nilichojua kuhusu kwao ni kwamba alitoka ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Serengeti, na kwamba alipokasirika alihesabu kwa Kinata, lugha ya kwao. Mengine sikuuliza, naye hakuwa mtu wa kumwagia wengine habari zake.

Kuhusu mimi inatosha kusema haya. Ninaishi Nyamisangura, hapa mjini Tarime, na chumba cha mbele cha nyumba yangu ndicho ofisi. Humo ninaandika barua za watu, ninajaza fomu, ninasoma hukumu za mabaraza na kuzieleza kwa maneno yanayoeleweka. Shule niliishia darasa la saba; mengine nimejisomea. Nimejisomea sheria ya ardhi, umeme wa majumbani, hesabu za uwezekano na ufugaji wa nyuki. Katika hayo yote, kitu pekee ambacho hakijawahi kuniletea aibu ni nyuki, kwa sababu hawakuja.

Kitasa kilikuwa na kazi moja. Ndani ya droo ya kati kulikuwa na bahasha ya kaki, na ndani ya bahasha kulikuwa na fomu ya uthamini ya Ghati, mjane wa kijiji cha Matongo. Shamba lake liko karibu na mashimo ya mgodi, nao mgodi ulilitaka. Lilipimwa, migomba ikahesabiwa, na yeye akapigwa picha amesimama katikati ya mahindi ameshika kibao chenye namba yake. Jumatatu ndiyo siku aliyopangiwa kufika ofisini mjini na fomu halisi, atie sahihi ya fidia. Asiye na fomu halisi, jina lake huhamishiwa kwenye orodha ya migogoro, na mgogoro wa ukoo, kwa jinsi ninavyoona kwenye makaratasi, huishi kuliko mlalamikaji. Kwake Matongo mlango ni wa bati na shemeji zake huingia bila kubisha. Ndiyo maana alinikabidhi mimi.

"Wewe una meza ya serikali," aliniambia siku ile, akiigonga meza kwa kidole. "Hapa hawafiki."

Aliyekuwa akiitaka fomu hiyo ni Mwita, mdogo wa marehemu mumewe, aliyesema waziwazi kwamba shamba la kaka haliwezi kuondoka na mwanamke. Sasa, Mwita si mwizi. Tatizo lilikuwa kubwa kuliko wizi: Mwita ni rika langu. Tulitahiriwa mwaka mmoja, asubuhi moja, tumesimama bega kwa bega na kila mmoja akimwangalia mwenzake asikunje uso. Kwetu Wakurya rika haombi ruhusa. Anaingia kwako, anakaa, anakula kilichopo, anafungua anachotaka kufungua. Huwezi kumwambia toka, na huwezi kumdanganya. Mimi nisingeweza kumkatalia Mwita, kwa hiyo nikaamua kununua chuma kimkatalie kwa niaba yangu.

Na kwa nini kisicho na ufunguo? Kwa sababu rika akikuomba ufunguo, unampa. Namba haiko mfukoni. Nilipoipata hoja hii nilijiona mtu mwenye akili, na niliiandika kwenye daftari.

Kitasa nilikinunua kwa mfanyabiashara anayeleta bidhaa kutoka Sirari, mpakani. Kilikuwa kidogo, cheusi, chenye vigurudumu vinne vya namba, kila kimoja sifuri hadi tisa. Maelekezo yake niliyasoma mara nne: mara mbili kwa Kiingereza, na mara mbili nikiyatazama ya Kichina kwa heshima. Kisha nikakodi drili.

Mtu akisikia habari za Fundi kwa mara ya kwanza anaweza kudhani alikuwa mtu wa kuaminika katika ahadi. Hapana. Alikuwa mtu wa kuaminika katika dakika. Ukimwambia aje saa nne, saa nne kamili yuko mlangoni, kofia mkononi, anasubiri kuambiwa karibu. Atakuja hivyo kila wiki, kwa dakika ileile, kukueleza kwamba kazi yako haijaanza. Meza yangu ilichukua miezi kumi na moja. Nilipolalamika alisema mbao bado zinanizoea. Nikamwambia mbao hazijawahi kuniona. Akasema, "Ndiyo maana."

Futikamba hakuitumia. Kila kazi aliipimia kwa ufito, akiuchonga alama kwa kisu: alama ndefu ni urefu, fupi ni upana, na nyingine alizozijua mwenyewe. Fito hizo alizichomeka kwenye paa la banda lake, na ungemwuliza upi ni wa nani angekuonyesha bila kusita: ule kitanda cha mwalimu, ule kabati la wafiwa, ule meza yako. Mwaka mmoja nilimpa futikamba ya chuma ya mita tano kama zawadi, pamoja na mhadhara mfupi kuhusu vipimo vya kimataifa. Alinishukuru sana. Wiki iliyofuata niliikuta imefunga mzigo wa mbao kwenye baiskeli, na nilipoinama kuangalia, niliona fundo limekaa vizuri kuliko fundo lolote ninaloweza kufunga mimi.

Kabla ya kupokea kazi aliuliza maswali ambayo hayakuhusu mbao. Kwa kitanda aliuliza nani ataamka kwanza. Kwa mlango aliuliza mna deni na nani. Kwa meza yangu aliniuliza maswali mawili: "Unaandika kwa mkono upi?" na "Unaficha nini?" Nikamjibu kwamba ninaandika kwa wa kulia na sifichi kitu, mimi ni mtu wa uwazi. Akatikisa kichwa, akanitengenezea droo tatu zisizo na kitasa hata kimoja.

Banda lake lilikuwa kando ya barabara, nguzo sita na bati, bila ukuta. Randa, patasi, misumeno na keekee vililala juu ya benchi mchana na usiku, na katika miaka kumi na tisa sikusikia amepotelewa hata na msumari. Nilimwuliza siri yake. "Mwizi anapenda kuvunja," alisema. "Hapa hana cha kuvunja, anaona kama amedharauliwa, anaenda kwa wenzako wenye milango." Nilivutiwa sana na falsafa hiyo hadi siku nilipomtembelea nyumbani na kukuta kopo la sukari limefungwa kwa kufuli kubwa la geti. Daktari alikuwa amemkataza sukari. Ufunguo ulikuwa shingoni kwa mke wake. Fundi alilitazama lile kopo kama mtu anavyomtazama hakimu.

Majeneza hakutengeneza kabla ya kifo. Alisema huo ni uchuro, na wateja waliotaka kujiandalia aliwafukuza kwa randa mkononi. Lakini nyuma ya banda daima kulikuwa na mbao nne za urefu mmoja, zimepigwa randa, na ukimwuliza ni za nini alisema za kabati. Mwaka aliofiwa jirani yetu mtoto wa miaka mitatu, mbao mbili kati ya hizo zilikatwa asubuhi ileile, na jioni alipoulizwa bei alijibu kwamba hajui bei ya kitu kidogo kiasi hicho.

Na alikuwa Msabato. Hilo ndilo nililolisahau asubuhi ile ya tundu.

Nilimpelekea ujumbe nikiwa na jasho. Hakuja. Alikuwa kanisani, na alifika saa nane kamili mchana, amevaa koti la ibada, mikono nyuma, bila kifaa chochote.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba, mura. Nimeambiwa meza yangu imejeruhiwa." Aliniita mura, kijana, kwa Kikurya alichojifunza ukubwani, ingawa nina miaka hamsini na miwili na mvi za kutosha.

Nilimwonyesha droo. Aliinama akaliangalia tundu kwa mbele, akaliangalia kwa nyuma, akachungulia kupitia ndani yake hadi akaniona upande wa pili. Kisha akaanza kucheka. Alicheka akiwa amesimama, akakaa akacheka, akavua kofia akaishikilia kifuani.

"Fundi, si unaweza kuliziba tu mara moja?"

"Leo sabato. Sigusi kazi."

"Lakini unacheka kwa bidii."

"Kucheka si kazi," alisema akijifuta macho. "Kungekuwa kazi ungenilipa."

Nilimweleza yote: Ghati, fomu, Jumatatu, Mwita, hoja ya ufunguo na mfuko. Alisikiliza bila kunikatiza. Mwishoni aliuliza, "Ghati mwenyewe anajua unaweka kitasa?" Nikasema hapana, nataka kumfanyia mshangao wa kitaalamu. Akasema atakuja kesho, saa tatu.

Jumapili saa tatu kamili alikuwa mlangoni na mfuko wake wa vifaa. Mke wangu alikuwa amekwenda kanisani kwetu. Tulikuwa wawili tu. Alikata kipande cha mninga cha mviringo, akakipaka gundi, akakigonga ndani ya tundu langu kwa mpini wa patasi, akapiga msasa. Alilinganisha mistari ya mti kiasi kwamba leo huwezi kuliona kosa langu usipoelekezwa, na huwa naelekeza mwenyewe. Kisha kwa keekee ya mkono akatoboa tundu jipya mahali panapostahili, akakiingiza kitasa, akakaza nati. Dakika hamsini. Mimi nilikuwa nikimshikia tochi, ingawa kulikuwa kumekucha.

"Weka namba yako," alisema, akageukia dirishani.

Niliweka namba kwa kufuata ukurasa wa tatu wa maelekezo. Nikafunga droo. Nikavuruga vigurudumu. Nikavuta, droo haikutikisika. Ninakiri nilisikia fahari ambayo mtu wa umri wangu hapaswi kuisikia kwa sababu ya droo.

Fundi akarudi mezani. Akazungusha kigurudumu cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne, taratibu kama mtu anayevunja karanga. Droo ikafunguka.

"Umechungulia!"

"Nilikuwa dirishani."

"Sasa umejuaje?"

"Ni mwaka mliotahiriwa." Akaifunga tena droo. "Mura, nyie Wakurya mkipewa namba nne za siri mnaweka nini kingine? Mlipita barabarani mkiimba. Mji mzima unaujua mwaka wenu. Hata mimi, mtu wa kuja."

"Umebahatisha."

"Nimebahatisha mara moja?"

"Ndiyo. Vigurudumu vinne vina michanganyiko elfu kumi. Uwezekano wa kubahatisha ni mmoja kwa elfu kumi. Kwa hiyo hautatokea tena hivi karibuni." Nilimwandikia hesabu hiyo kwenye karatasi.

Aliikunja karatasi, akanirudishia. "Badilisha namba," alisema.

Sikubadilisha. Nilijieleza kwamba mtu hawezi kubadili mpango kwa sababu ya tukio moja la bahati. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimefedheheka, na namba nyingine sikuwa nayo. Nilifikiria tarehe ya harusi yangu na sikuikumbuka kwa uhakika. Hesabu yangu ilikuwa sahihi kwa kitasa. Kwa mtu haikuwa sahihi. Kutahiri si kila mwaka. Wazee wakikataa, mwaka unapita mtupu. Ukimwona mwanaume wa Kikurya mwenye mvi kama zangu, una miaka mitatu au minne ya kujaribu. Kwa Mwita ulikuwa mmoja.

Fundi akavua miwani. "Nitakunywa chai," alisema. "Yenye majani mengi, na sukari uweke wewe mwenyewe. Mke wangu hayupo hapa."

Nilikwenda jikoni. Mkaa ulichelewa kushika. Ilinichukua kama robo saa. Niliporudi Fundi alikuwa amekaa palepale, mfuko wake umefungwa, mikono juu ya magoti, mezani kila kitu mahali pake. Alikunywa vikombe viwili, akasifu sukari, akaaga.

Saa tisa alasiri Mwita akaingia.

"Rika!"

"Rika! Karibu."

"Nimepita tu. Njaa inaniuma. Mama watoto amepika nini?"

Alikaa kwenye kiti changu, nyuma ya meza yangu, kama ilivyo haki yake. Mke wangu alikuwa bado hajarudi, na rika hapokelewi na mikono mitupu. Nikaenda mwenyewe kupasha ugali wa jana na mlenda. Kutoka jikoni nilisikia mlio mdogo, nikadhani ni kijiko. Tulikula pamoja. Aliuliza habari za nyumbani, nikauliza za ng'ombe. Fomu hakuitaja hata kidogo. Alipoaga aliliweka koti begani badala ya kulivaa, ingawa nje kulikuwa na upepo.

Alipoondoka niliitikisa droo. Imefungwa vilevile, namba zimevurugwa. Nikachukua daftari nikaandika: "Jaribio la kwanza, rika amekuja. Kitasa kimefaulu."

Saa kumi na mbili kasoro robo Mwita alirudi. Safari hii hakusema rika. Aliitupa bahasha ya kaki juu ya meza, na kutoka ndani yake ikateleza karatasi iliyokunjwa yenye michoro ya vigurudumu vinne na mshale.

"Hii ni nini?"

Nilitambua maelekezo ya kitasa changu. Ukurasa wa tatu ulikuwa juu.

"Umetoa wapi?" niliuliza, ingawa jibu lilikuwa limekaa mbele yetu.

"Droo yako. Usibadili mazungumzo. Nimefika nayo hadi stendi, nafungua niangalie, nakuta Kichina. Rika, unanifanyia mimi hivi? Mimi?"

"Wewe ndiye umeniibia!"

"Nimefungua kwa mwaka wetu! Mwaka wetu ni wizi?" Alikuwa amekasirika kwa dhati, na jambo baya ni kwamba nilimwelewa. "Fomu iko wapi?"

Nilizungusha vigurudumu. Nikavuta droo. Kalamu, mihuri, gundi. Hakuna fomu. Nikakaa kwenye kiti cha wateja.

"Mwita, sijui."

"Sema ukweli."

"Naapa kwa rika letu, kwa asubuhi ile tuliyosimama. Sijui iko wapi."

Alinitazama usoni kwa muda, kama alivyonitazama asubuhi ile tukiwa vijana. Kisha hasira ikamtoka.

"Hujui kweli," alisema polepole. "Masikini. Umeipoteza."

Na Mwita, aliyekuja kunipokonya fomu, akavua koti akanisaidia kuitafuta. Aliangalia nyuma ya kabati. Aliinua godoro. Alimwuliza mke wangu, aliyekuwa amerudi wakati huo, kama hakufungia nayo maandazi. Tuliitafuta hadi giza likaingia, na alipoondoka alinishika bega na kusema, "Pole, rika. Mambo ya karatasi ni magumu." Alikuwa ameridhika, kwa sababu fomu iliyopotea ilimfaa kama fomu iliyoko mfukoni mwake.

Mimi nilibaki na Ghati. Namba ya simu aliyonipa ilikuwa haipatikani. Nilikaa nikimwona amesimama katikati ya mahindi na kibao chake. Mwanamke alikuwa na mlango wa bati, akauacha, akaja kuniamini mimi kwa sababu ya meza.

Jumatatu alfajiri nilipanda bodaboda kwenda Matongo kumweleza kwa mdomo wangu. Sikutaka aje mjini akiwa na matumaini. Njiani nilitunga maneno matatu tofauti ya kuanzia na yote yalikuwa mabaya. Nilipofika mlango ulikuwa umefungwa. Jirani, bibi aliyekuwa akikamua ng'ombe, hakuinua kichwa.

"Ghati hayupo. Aliondoka jana jioni na mzee mmoja wa kofia."

"Mzee gani?"

"Simjui. Alikuja kwa bodaboda amefumba macho, amemkumbatia dereva kama mchumba. Alimpa Ghati karatasi, wakaondoka wote."

Nilijua mzee mmoja tu mwenye kofia, na alikuwa ameapa mbele ya banda lake, nikiwepo, kwamba atapanda bodaboda siku akiwa maiti.

Nilirudi mjini. Saa nne na dakika tano nilifika kwenye ile ofisi, na Ghati alikuwa anatoka. Wino ulikuwa bado uko kwenye kidole gumba chake. Ukutani, kwenye kivuli, Fundi alikuwa amesimama, kofia mkononi. Ghati alikuwa amelala nyumbani kwa Fundi, kitanda kimoja na mke wake, fomu chini ya mto.

"Mwalimu," Ghati aliniambia, maana ndivyo anavyoniita, "mbona umejaa vumbi?"

Nilisema nimetoka matembezini. Fundi akageukia ukuta, mabega yakitikisika.

Baadaye nilikwenda kuichunguza meza kwa utulivu ambao ningepaswa kuwa nao mwanzo. Nilivuta droo ya juu hadi mwisho, nikainyanyua ikatoka yote. Chini yake palikuwa wazi. Mkono wangu uliingia ndani ya droo ya kati, iliyofungwa kwa namba nne, bila kugusa chochote. Kitasa kilikuwa kinalinda ubao wa mbele peke yake. Robo saa ya chai ilikuwa imemtosha Fundi kuitoa fomu, kutia maelekezo mahali pake, na kuirudisha bahasha ikiwa na uzito uleule. Nilimwendea bandani nikiwa nimekasirika.

"Ulijua tangu mwanzo kwamba kitasa hakizuii kitu!"

"Uliniambia unataka kitasa," alijibu, akiendelea kupiga randa. "Hukuniambia unataka droo isifunguke."

Kwa nini hakuniambia alichofanya, hakusema, nami kwa kiburi sikuuliza. Tuliendelea na maisha. Mwita alinuna miezi miwili, kisha akaja kula. Fundi macho yalianza kufifia, fito zikaanza kumdanganya, na siku moja banda likawa limebaki nguzo sita. Alikuwa amerudi kwao.

Nilimfuata mwezi uliopita, ng'ambo ya Mto Mara, kijiji kilicho njia ya kwenda Nata, ambako watu walikuwa wakivuna mapema kabla tembo hawajavuna wao. Nilimkuta amekaa kibarazani, macho yana ukungu, anapukuchua mahindi na mke wake na wajukuu wawili.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba. Nani?"

"Mgeni kutoka Tarime."

"Umefika saa ngapi?"

"Saa tano na dakika kumi."

"Ni wewe," alisema, akanyoosha mkono.

Tulikula, tukazungumza habari za waliokufa na za waliooa. Mwishoni nikamwuliza lile ambalo nilikuwa nimelibeba.

"Fundi, ile fomu. Kwa nini hukuniambia? Niliteseka usiku mzima."

"Mwita alikuuliza iko wapi?"

"Aliniuliza."

"Ulimjibu nini?"

"Kwamba sijui. Nikaapa."

"Ulikuwa unamdanganya?"

"Hapana."

"Akaamini?"

"Akanisaidia kuitafuta."

Fundi alipukuchua gunzi zima kabla ya kuendelea. "Sasa ningekuwa nimekwambia ipo kwangu, na rika lako amesimama mbele yako anauliza. Ungesema nini?"

Nilitaka kujibu kwamba ningenyamaza. Niliufikiria uso wa Mwita.

"Ningemwambia."

"Ungemwambia. Na ungempa nauli ya kuja kwangu." Alitupa gunzi pembeni. "Mtu mwenye rika hapewi siri ya kubeba; akipewa, anaonewa. Nikaona heri ulale vibaya usiku mmoja kuliko kuvunja kiapo chako au kumvunja yule mama."

Mke wake alinimiminia maji.

"Ghati anaendeleaje?" Fundi aliuliza.

"Amejenga Nyamwaga. Nyumba ya tofali, migomba, ng'ombe wawili wa maziwa. Mlango ni wa mbao."

"Alilipwa kiasi gani?"

"Hajamwambia mtu yeyote. Mwita ameuliza, mchungaji ameuliza, mimi mwenyewe niliyemjazia fomu nimeuliza kwa njia tatu tofauti. Anajibu kwamba Mungu ni mwema."

Fundi alicheka kwa furaha, kile kicheko chake cha siku ya sabato. "Huyo amezaliwa na kitasa. Na wewe, mura? Kile chako, pamoja na drili ya kukodi na safari ya Matongo, kilikutoa kiasi gani?"

Mke wake aliacha kupukuchua. Wajukuu waligeuka. Dereva wa bodaboda aliyenileta, ambaye sikuwa nimemfahamu kabla ya asubuhi ile, alishusha kikombe cha maji mdomoni ili asikie vizuri.

"Shilingi elfu sitini na nane na mia tano," nikasema.